Nilivyopunguziwa Miaka Saba na Fundi wa Kanzu

Jumanne moja, saa nne asubuhi, mama mmoja nisiyemjua alipita kichochoroni kwetu akauliza watu watatu mimi ni mtu wa namna gani.

Kufikia adhuhuri nilikuwa na mchumba.

Sikumjua jina wala sura. Hata yeye mwenyewe hakujua kwamba ni mchumba wangu, kwa sababu hakuwako duniani. Lakini mtaa ulikuwa umeshamjadili, umemkubali, na umeanza kubishana kama biriani iwe ya mbuzi au ya kuku.

Tulieni niwape mkasa wote, maana ukisimuliwa nusu nusu mtadhani nimelewa.

Naitwa Mwanaesha. Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na tatu, na hiyo hesabu naomba muishike, kuna watu watakuja kuichezea huko mbele. Nilikuwa naishi Mji wa Kale, Mombasa, na mama yangu, kwenye nyumba ya ghorofa yenye ngazi zilizosimama wima kama zinakufukuza.

Kazi yangu ni jiolojia ya sayari.

Najua, mmenyamaza. Watu wote hunyamaza nikifika hapo.

Kuna watu wanaosoma mawe ya dunia hii. Mimi nasoma ya Mirihi, kupitia picha zinazopigwa na vyombo vinavyoizunguka, maana nauli ya kwenda kuyashika bado haijapatikana. Nahesabu mashimo yaliyochimbwa na vimondo. Uwanda wenye mashimo mengi ni wa kale, wenye mashimo machache umri wake ni mdogo. Basi nilikaa ughaibuni miaka minne nikihesabu mashimo, wakanipa udaktari, nikarudi kwetu.

Mtaa ulinipokea kwa heshima zote. Wiki ya kwanza tu, Bi Mejumaa, jirani yetu wa mlango wa pili, alinijia na goti lake.

Nikamwambia mimi si daktari wa magoti.

"We ni daktari wa nini basi?"

"Wa mawe, Bi Mejumaa. Mawe ya Mirihi."

Akanitazama kitambo. Akalishusha buibui likafunika goti, akaenda zake. Tangu siku hiyo akawa ananionea huruma, na kila Ijumaa ananiletea sahani ya chakula kama mtu aliyefiwa.

Ajira niliyoipata ni vipindi sita vya jiografia kwa wiki katika chuo kimoja palepale kisiwani. Mirihi haimo kwenye mtaala. Kuna kimbunga, kuna kilimo cha chai, na kuna vijana arobaini wanaoangalia simu.

Sasa, kuna kitu kinaitwa ufadhili wa watafiti chipukizi. Umemaliza udaktari, huna kazi ya maana, taasisi ya ng'ambo inakuchukua miaka mitatu. Unapewa meza, kompyuta yenye nguvu, na ruhusa ya kufanya utafiti wako mwenyewe badala ya kumbebea profesa mafaili. Kwa watu wa fani yangu ndio mlango pekee. Ukiukosa, unafundisha kimbunga mpaka ustaafu.

Na mlango wenyewe una masharti. Ikishapita miaka mitano tangu upate udaktari, wewe si chipukizi tena. Hawakwambii umekuwa nini, nadhani unakuwa kuni.

Mimi nilikuwa mwaka wa tano. Nilikuwa nimeomba mara mbili nikakataliwa mara mbili, kwa barua zenye adabu kiasi kwamba ile ya kwanza niliisoma nikadhani nimepata. Hii ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Niliomba kwenda kuchunguza mabonde membamba ya Mirihi yanayojipinda pinda, nijue kama yalichongwa na maji au na lava. Nusu ya kila mwaka ningekaa kwenye jangwa la lava, mbali na watu, nikilinganisha. Niliandika kurasa kumi na moja za kujieleza, na sikumwambia mtu yeyote nyumbani. Nilijiambia nawaepusha na presha.

Basi bwana, nikaingia wanne wa mwisho.

Barua pepe ikasema limebaki jambo moja dogo. Mwaka uliotangulia walikuwa wamempa nafasi bwana mmoja ambaye vyeti vyake vyote vilitoka kwenye kompyuta ya shemeji yake. Kwa hiyo sasa kila mwombaji atatembelewa kwao na mtu wa ofisi ya uthibitisho. Ataongea na majirani wawili na jamaa mmoja wa karibu. Mwombaji hataambiwa siku. Na majirani hawataambiwa ni nani anayeuliza wala kwa nini, ili wasipambe maneno.

Wasipambe maneno, Mji wa Kale. Wazungu wana imani yao, tuwaheshimu.

Kwa wasiotujua, niwaeleze. Kwetu, kabla posa haijaletwa, upande wa mwanamume humtuma mama mmoja mtu mzima, mpole, apite kwa majirani kumuulizia msichana. Ana tabia gani, hutoka toka, ana maradhi, amesoma wapi. Huyo mama hasemi katumwa na nani. Akisema, kaharibu kazi.

Majirani nao wana wajibu wao, nao ni kumpamba msichana mpaka ang'ae. Kumwambia mjumbe wa posa ukweli mtupu ni ukosefu wa adabu, na utakumbukwa kwa hilo mpaka arubaini yako.

Zaidi ya hapo, mtaa wangu ulikuwa na deni la dhamiri juu yangu. Miaka miwili nyuma posa ya kweli ilitaka kuja, kutoka Bondeni, mtaa wa jirani, jamaa wa duka la vipuri. Mama yake alipouliza habari za masomo, Bi Mejumaa alijibu kwa fahari, "Huyu ni daktari. Mawe yote ya Mirihi yuwayajua." Yule mama alimaliza chai yake taratibu, akaaga vizuri, na mpaka leo hatujamwona. Mtaa ukajilaumu sana, ukaapa kwamba kosa hilo halitarudiwa.

Sasa aje Loise.

Loise ni mama wa bara, anafanya kazi katika ofisi ya uthibitisho kule Makupa, penye njia ya kutokea kisiwani, juu ya duka la matairi. Asubuhi ile, alivyonieleza baadaye, aliwaza kwamba anaenda kwa Waislamu, bora avae kwa heshima yao. Akavaa dera refu, akajitanda mtandio, akatia fomu ndani ya mkoba wa mkono. Adabu tupu, na adabu hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Mimi nilikuwa chuoni nafundisha kimbunga. Haya ninayosema niliyapata baadaye kwa wenyewe.

Alianza kwa Bi Mejumaa, ambaye asubuhi huwa kwenye baraza yake akichoma mahamri.

"Habari ya asubuhi, mama. Namuulizia msichana anaitwa Mwanaesha. Mnamjua?"

"Nani ataka kumjua?"

"Siwezi kusema nimetumwa na nani. Nataka tu kujua ni mtu wa aina gani."

Bi Mejumaa akalitua karai chini. Lafudhi ilikuwa ya bara, lakini akaona si neno, Waislamu wako hata Nairobi, na wengine wana maghorofa.

"Ndoo ukae hapa kitako," akasema, akampangusia baraza kwa leso.

Loise akatoa fomu. "Huyu Mwanaesha husafiri sana?"

"Esha? Hatoki. Ukimwona amevuka Makupa, jua kuna maziko."

Loise akaandika. "Na masomo amefika wapi?"

"Masomo gani, mamangu. Alisoma kidogo, wa kusoma barua. Vitabu havimshughulishi. Yeye na jiko, jiko na yeye."

Hapo nawaachia wenyewe. Mimi ni mtu niliyewahi kuunguza chai.

"Anaweza kukaa mbali na nyumbani, tuseme miaka mitatu?"

Bi Mejumaa akauona mtego palepale. Hakuna mama anayetaka mkwe wa kupotea miaka mitatu.

"Miaka mitatu? Hawezi siku tatu. Hulia."

Loise akashukuru, akapewa mahamri manne ya bure, akaelekezwa pembeni kwa Ami Abdulghafur, fundi wa kanzu. Ami Abdulghafur ananijua tangu nimezaliwa. Ni mcha Mungu, hajawahi kumpunja mtu hata inchi moja ya kitambaa.

"Mwanaesha ana umri gani, mzee?"

Akaizungusha futi yake shingoni, akafikiri. "Ishirini na sita."

Ndivyo ilivyokuwa. Mimi nimesomea miaka minne namna ya kukisia umri wa ardhi kwa picha, na bado huwa nakosea kwa miaka milioni kadhaa. Yeye alinipunguzia saba bila kuinua mguu kwenye cherehani.

"Anaweza kufanya kazi yake mwenyewe, bila kusimamiwa?"

"Hafanyi neno bila kuuliza. Rai yako ndiyo rai yake. Mtoto mtiifu, hana ubishi kamwe."

Kisha Loise akapanda ngazi zetu, akakaa na mama nusu saa, akaondoka.

Niliporudi adhuhuri nilikuta akina mama sita jikoni kwetu na kila mmoja ana rai juu ya biriani. Bi Mejumaa akanishika mabega.

"Mjumbe kaja. Mtu wa heshima zake, ana mpaka karatasi yuwaandika. Hawa si watu wa mchezo."

Sasa nisikilizeni vizuri. Nilikuwa nimeambiwa kwamba kuna mtu atakuja bila taarifa, awaulize majirani, aandike. Mtu akaja bila taarifa, akawauliza majirani, akaandika. Na mimi, mwenye udaktari, niliingia chumbani nikajitazama kwenye kioo.

Sitasema nilifurahi. Nitasema nilijitazama kwa muda mrefu kidogo.

Mama alikuwa ameketi dirishani akichagua mchele. Nikamuuliza, "Mama, ni nani huyo aliyekuja?"

"Mgeni tu."

"Wasema ni posa."

"Watu husema."

Bi Mejumaa alitaka mjomba wangu apigiwe simu Lamu siku ileile aje apokee wageni. Mama akasema tungoje kwanza. Nikaona ni murua wake, mama si mtu wa kurukia mambo.

Alhamisi jioni nikapata barua pepe kutoka kwa taasisi.

Waliandika kwa upole mno. Walithibitisha kwamba katika anwani ile anaishi mtu aitwaye Mwanaesha. Tatizo ni kwamba huyo Mwanaesha ana miaka ishirini na sita, elimu ndogo, hasafiri, hulia akitoka nyumbani, na hana rai yake mwenyewe. Wakauliza, je, yule daktari wa miaka thelathini na tatu aliyeleta maombi ni nani hasa. Aidha, kulikuwa na suala la afya ambalo hawawezi kulijadili kwa barua. Nilikuwa na muda mpaka Jumatatu saa sita za mchana. Baada ya hapo nafasi ingekwenda kwa mwingine.

Nilikaa kwenye ngazi nikaisoma tena na tena. Machozi yakanitoka, siwafichi. Miaka tisa ya maisha yangu ilikuwa inanipotea kwa sababu ya sifa njema.

Nikashuka mbio mpaka kwa Bi Mejumaa. Ami Abdulghafur alikuwa pale anakunywa kahawa. Nikawaeleza yote, ufadhili, mwaka wa tano, fomu, mama wa Makupa.

Bi Mejumaa akashika shavu.

"Yaani si posa," akasema Ami.

"Si posa, Ami."

Akakiweka kikombe chini. "Basi n'mekuharibia mwanangu. Na mimi nilimshukuru Mungu usiku huo kwa ule uwongo."

"Na hili la maradhi?" nikauliza. "Nani kasema mimi mgonjwa?"

Wakatazamana. "La maradhi sikulisema," akasema Bi Mejumaa. "Wallahi, Esha. Mtu aulizwe posa aseme mgonjwa? Mimi ni wazimu?"

Ami naye akaapa. Sikuwasadiki. Niliona kwamba mtu aliyepunguza miaka saba hashindwi kuongeza maradhi mawili.

Ijumaa asubuhi tukapakiana tuk-tuk sote watatu mpaka Makupa. Loise alikuwa mezani kwake kichwa wazi, na suti ya kijivu. Bi Mejumaa alisimama mlangoni akamkagua juu mpaka chini.

"Kumbe we si shangazi wa mtu."

"Ni shangazi wa watu wengi, mama, lakini si wa kazi," akasema Loise. Alipoelewa kilichotokea alifunika uso kwa mikono, na mabega yakawa yanamtikisika. Kisha akajikaza. Akasema sheria inaruhusu ushahidi urekebishwe, lakini na yule yule aliyeutoa, kwa kinywa chake, na asaini upya.

Bi Mejumaa akaketi. Akashika mkoba wake mapajani kwa mikono miwili.

"Nilisema uwongo," akaanza. "Sasa andika. Ana thelathini na tatu. Kupika hajui. Sufuria anazounguza huzificha chini ya ngazi, twazijua zote, twanyamaza. Amesoma mpaka mato yamekuwa mabaya. Alikwenda huko kwa Wazungu miaka minne, Idi nane, hakuja hata moja. Baba yake alipokufa alikuja siku tatu, akarudi kuhesabu mashimo yake."

Loise alikuwa anaandika mbio.

"Hulia akiwa mbali na kwao?"

"Huyu? Alie ana nini? Hana simanzi. Hujifungia na hiyo kompyuta tangu alfajiri, ukimwita haitiki, chakula chapoa. Watu kwake ni kelele. Nimemwombea dua miaka mitano apunguze kusoma, Mungu hakunikubalia."

"Kwa hivyo anaweza kufanya kazi peke yake."

"Mwanangu, peke yake ndiko anakotaka."

Nilikuwa nimekaa kando yake nasikiliza. Maprofesa watatu walikuwa wameniandikia barua za kunisifu, kurasa mbili mbili. Hakuna hata mmoja aliyenijua kama Bi Mejumaa, na kila aibu aliyoitoa ilikuwa inanipandisha daraja. Lakini lile la baba lilinichoma. Ni kweli zilikuwa siku tatu, na sikujua kwamba mtaa ulizihesabu.

Akaja Ami Abdulghafur. "Mimi nilichukua miaka saba. Irudishe."

"Nairudisha, mzee."

"Na ile rai ifute. Yuwanibishia tangu ana miaka sita. Kanzu ya harusi ya mwanangu alisema nimekata mikono mifupi, mbele ya watu."

"Na ilikuwa mifupi?"

"Ilikuwa mifupi," akasema Ami, akasaini.

Nikadhani tumemaliza. Nikainuka. Loise hakuinuka.

"Imebaki ya tatu," akasema. "Ile ya afya."

"Wote wawili wanasema hawakuisema."

"Hawakuisema wao." Akafungua faili. "Majirani hawaambiwi. Lakini jamaa wa karibu, sheria inasema aambiwe kila kitu. Mama yako nilimwambia. Taasisi, miaka mitatu, jangwa, Mirihi. Nilimsomea na barua."

Akaigeuza karatasi nikaiona. Mwandiko wa Loise, na chini yake sahihi ya mama yangu, ile ya herufi kubwa zisizoshikana. Ilisema kwamba mwanawe ana moyo mbovu tangu utotoni na madaktari wamemkataza ndege.

Mimi moyo wangu ni mzima. Sijawahi kupimwa nikaambiwa vingine.

Kutoka Makupa mpaka Mji wa Kale Bi Mejumaa hakusema hata neno moja. Tangu nimjue haijatokea.

Mama nilimkuta palepale dirishani.

"Ulijua," nikamwambia. "Tangu Jumanne ulijua si posa, ukawaacha watu wapike."

"Nilijua."

"Kwa nini, Mama?"

"Nilisomewa na mtu nisiyemjua kwamba mwanangu aondoka miaka mitatu. Nikamkaribisha maji, nikajifanya n'nazo habari. We waishi na mimi chumba kwa chumba, Esha."

Nikaketi mlangoni.

"Baba yako alikufa ukiwa huko," akaendelea. "Mwaka mzima nililala peke yangu ndani ya nyumba hini. Upweke naujua ulivyo. Sasa nikaulizwa kama kuna kitu chakuzuia, nikasema cha kwanza kilichonijia. Nikasikia huko chini washangilia harusi, nikawaombea iwe kweli. Harusi ingekuweka Bondeni. Bondeni nafika kwa miguu."

"Siendi Mirihi kwenyewe, Mama. Nakwenda kutazama picha."

"Picha si wazitazama hapa."

Nilikasirika. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, na yeye hakunijibu hata moja. Baadaye nikajifungia chumbani, mambo yale yale Bi Mejumaa aliyoyasema Makupa.

Jumamosi hatukusemezana. Jumapili alinipakulia wali, nikala nimeinamisha kichwa. Nilijua kwamba ni yeye peke yake anayeweza kuifuta ile karatasi, na nilikuwa nimekwisha amua sitamwomba. Sehemu moja yangu ilikuwa kiburi. Nyingine ilikuwa inamuona mama akipanda zile ngazi peke yake miaka mitatu, na hiyo ilinifunga mdomo kuliko kiburi.

Jumatatu niliamka nikakuta hayumo. Buibui lake halikuwapo kwenye msumari. Nikajua kaenda sokoni. Nikafungua kompyuta, nikaanza kuhesabu mashimo ili nisitazame saa, nikakosea, nikaanza tena.

Saa tano na nusu simu ikalia. Ni Loise.

"Mama yako ndio anatoka hapa. Nimeshatuma ripoti, imewahi," akasema. "Sifai kukusomea, lakini nitakusomea. Ile afya ameifuta. Nikamuuliza tena lile swali, kama kuna jambo lolote linalokuzuia kukaa mbali na nyumbani."

"Akasema nini?"

"Amesema, 'Lilikuwa moja, ni mimi. Nimejiondoa.' Nimeiandika kama alivyosema. Kuitia kwenye Kiingereza kumenitoa jasho."

Aliporudi alikuwa na kapu tupu, na akaniuliza kama nimekunywa chai. Nikamwambia bado. Akaipika yeye, tukanywa, na mimi nikalia mpaka chai ikapoa, na yeye akanipikia nyingine.

Nafasi niliipata. Nayaandika haya nikiwa huku, nchi ya baridi ambayo jua lake ni la mapambo, mwaka wangu wa pili. Juu ya yale mabonde, kwa wanaotaka kujua, bado sina jibu. Mama hunipigia kila Jumatano kuuliza kama nimekula, na Bi Mejumaa hulala kwetu siku nyingi, kwa visingizio vya goti. Idi mbili zimepita, zote mbili nilikwenda nyumbani.

Funzo? Mtaa wangu haukuwa na kosa. Ulijibu swali kwa adabu zake zote. Kosa ni la msomi aliyejieleza kwa watu wa mbali kurasa kumi na moja, na mama yake mzazi hakumwandikia hata mstari. Wewe unayesoma hapa, kama una safari umeificha kwenye simu ukingoja mambo yaive ndipo useme, funga hii hadithi uende ukawaambie kwenu leo. Watakuudhi, watalia, watakuuliza maswali ya kipumbavu. Lakini wasikae kitako wakasomewa maisha yako na mtu wa fomu, wakajifanya wanazo habari.